Maksai Wawili na Atomu za Haidrojeni

Nyumba yetu ilikuwa na maksai wawili, na nyumba ya akina Kerubo ilikuwa na maksai wawili, lakini ungeenda malishoni ungewakuta wawili tu. Na hakuna aliyekuwa akidanganya.

Sisi tuliokulia Ikonge enzi hizo tunaijua hesabu hiyo. Baba yangu, Mjaluo ambaye majirani walimwita Baba Achieng kwa jina langu, alitoka kando ya ziwa, akafungua duka la vipuri vya baiskeli na kukodi shamba dogo nyuma ya soko. Alikuwa na maksai mmoja mweusi. Jirani yetu Mkisii, Baba Kerubo, alikuwa na mmoja mwekundu. Plau haivutwi na mmoja. Basi wakachonga nira pamoja, wakawafunga, na tangu siku hiyo kila nyumba ikawa na jozi.

Shida ilikuwa lugha. Mweusi alijua Kijaluo, mwekundu Ekegusii. Ukisema simama, mmoja anasimama, mwenzake anaendelea, mstari unapinda hadi kwenye migomba. "Waambieni kwa Kiswahili, kama watu wa ofisini," Mama alisema. Tukawafundisha. Mimi na Kerubo tulitangulia mbele yao, miguu ikizama kwenye udongo baridi, umande ukinukia majani ya chai, mawazo yote yakiwa kwenye uji wa wimbi na ndizi za kuchemsha.

Tulipokuwa kidato cha pili, mwalimu wa kemia alichora maduara mawili ubaoni. Atomu ya haidrojeni, alisema, ina elektroni moja, na haitulii mpaka iwe na mbili. Hainyang'anyi ya jirani. Zinasogeleana, kila moja inaweka yake katikati, na kila moja inahesabu mbili. Darasa lilimkodolea macho. Kerubo akaninong'oneza, "Si ni maksai wetu hao."

Wiki hiyo mnunuzi alikuwa amekuja kumtazama yule mwekundu, maana Baba Kerubo alitaka mabati. Mvua ya kupandia ilikuwa karibu. Nikainua mkono. "Mwalimu, na moja ikichukua yake iende zake?"

"Zote mbili zinapungukiwa, hata iliyoondoka. Ndiyo maana kuzitenganisha kunahitaji nishati."

Jioni Kerubo alimchorea baba yake maduara yale kwenye majivu. Mzee akacheka. "Kumbe nalipa karo mkafundishwe ng'ombe wangu?" Lakini mnunuzi aliporudi, aliambiwa, "Huyu ni wa Baba Achieng pia." Nyumba yao ikaendelea kuvuja.

Siku hizi wapwa wangu wana video za atomu kwenye simu, za rangi zote, zinazunguka. Wanatushinda kwa alama. Waambie watumie chaja moja, uone vita. Trekta nalo huitwa kwa simu, likalima asubuhi moja na kuondoka, na dereva hujui hata jina lake.

Maksai walizeeka, wakaisha. Nira imebaki, inaning'inia kwenye jiko la zamani la akina Kerubo. Baba, aliyehamia mjini Nyamira, bado huwaambia watu kwamba ana nira yake Ikonge. Baba Kerubo huwaonyesha wageni nira yake.

Mwezi huu jiko linabomolewa. Kerubo amenipigia: "Achieng, nira iende wapi?" Nimemuuliza Baba, akasema aulizwe Baba Kerubo. Baba Kerubo amesema aulizwe Baba.