Maganda Kutoka Mjini

Mbegu za kabichi zilizobaki mama alizifunga kwenye pindo la kaniki yake. Zile za kwanza, alizopewa na masista wa misheni, zilichipua vizuri, kisha konokono wa Uluguru, wanaoipenda mvua kuliko sisi, wakazimaliza. Shamba lile la kando ya kijito lilikuwa la ukoo wa mama, na mjomba, kaka yake mkubwa, alikwisha kusema: likitoka tupu tena, atampa dada mwingine.

Bibi alijua dawa. Konokono hapiti juu ya maganda ya mayai yaliyotwangwa, maana yanamchoma tumbo. Lakini maganda tuyatoe wapi? Kwetu yai lilikuwa la kuatamiwa, na mwanamke aliyekula yai angeimbwa kwa kejeli ngomani. Tulingoja vifaranga waanguliwe, tukapata maganda ya kujaza kiganja tu.

Baba, aliyekuwa mpishi wa Mjerumani mmoja mjini Morogoro, alicheka aliposikia. Bwana yule alikula mayai kila asubuhi, na maganda yalikwenda jalalani.

Jumapili iliyofuata baba akapanda mlima na kikapu. Wadogo zake mama walimwona njiani, na utani wa shemeji haumwachi mtu apite bure. Wakafunua kikapu.

“Kazi afanye shemeji, yai ale Mjerumani,” akasema mmoja. “Ganda ale nani?”

“Konokono,” baba akajibu. “Na akila, harudi.”

Walimsindikiza hadi nyumbani wakicheka. Tukayaosha maganda, tukayaanika kwenye ungo, nami nikayatwanga, na kinu kikalia kwa sauti ambayo mahindi hayana. Mama akafungua pindo. Miche ilipotokeza, kila mmoja tuliuvisha duara jeupe, shamba likapendeza kama shingo zenye shanga. Mvua ilipoyasomba, tulimwaga mengine. Asubuhi nilikimbia pekupeku kutazama: ute wa konokono ulifika kwenye weupe, ukageuka.

Kabichi zilipofunga, mjomba akaja Jumapili moja, baba akiwapo. Tukamwamkia shikamoo. Alizunguka shamba zima, akainama, akaigonga kabichi moja kama ngoma. Mama alisimama ameshika jembe.

“Huyo Mjerumani wako bado anapenda mayai?” mjomba akamwuliza baba.

“Kila asubuhi.”

“Basi na mimi niletee kikapu.” Akamgeukia mama. “Na wewe, mdogo wangu, lima mpaka kule kwenye migomba.”

Mama alikuwa amekwisha kuondoka na jembe.