Gorfa Hairudi Tupu

Jirani yangu alikuwa ananiita Redio. Asubuhi nikifungua mlango nilikuwa nimeshaanza kuongea, na yeye akiwa bado anakamua ng'ombe ng'ambo ya ua wa miiba anasema, "Redio imefunguliwa." Halafu ananyamaza, anasikiliza yote. Nilimwambia habari ya ndoto zangu, ya bei ya maharagwe, ya mtu aliyenikanyaga sokoni na nikamfanya nini. Sijawahi kupata mtu mwingine anayesikiliza hivyo.

Yeye alikuwa Mborana, mjane, umri wa mama yangu. Mimi ni mtu wa juu, wa kule kwenye baridi na miraa, na nililetwa Isiolo na bwana yangu, ambaye kazi yake ni kuchanja ng'ombe wa serikali. Nilifika nikiwa msichana tu, na hasira za kutosha nyumba tatu. Nilimwita mama. Binti yangu alipoanza kusema alimwita akko, maana yake nyanya, na hakuna mtu alimfundisha.

Kila asubuhi alituletea maziwa kwa gorfa. Gorfa ni chombo cha mizizi iliyosukwa, imekazwa mpaka haivuji hata tone, na hii alisukiwa na mama yake alipoolewa. Maziwa tukimimina, gorfa inarudi kwake, lakini hairudi tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na hata kwetu juu ni hivyo hivyo, kwa hivyo haikunishinda. Niliweka majani ya chai, au viazi, au ndizi mama yangu akituma. Siku nikiwa sina kitu niliweka kipande cha ugali nikafunika, na yeye hakuwahi kucheka.

Kitu kilichonishinda ni kuosha. Mara ya kwanza kabisa niliisugua gorfa na sabuni na maji moto, nikaianika juani, nikampelekea nikiwa nimejivuna. Akanusa. Akaiweka chini pole pole kama mtu anaweka mgonjwa.

"Umeua," akasema.

"Nimeua nini?"

"Maziwa yote ya mwezi huu itanuka duka."

Nikamwambia kwetu usafi ni maji, na kama wao wanataka uchafu waseme. Nilisema mengi. Akaniacha nimalize, kisha akaenda kwake akarudi na kijinga cha mti mkavu, unawaka kwenye ncha. Akakitia ndani ya gorfa, akafunika, akatikisa, moshi ukatoka kwa mdomo wa gorfa kama mtu anavuta sigara. "Redio," akaniambia, "sisi tunaosha na moto." Tangu siku hiyo nilijua kufukiza gorfa kuliko hata wasichana wao, na nikazoea maziwa yenye moshi mpaka yale ya kawaida nikawa naona kama maji.

Huyo ndiye aliyenizalisha binti yangu. Mtoto alikuwa amelala upande, kichwa huku miguu huku. Alipaka mikono samli, akaanza kumgeuza kutoka nje, kidogo kidogo, kama mtu anatafuta kitu ndani ya gunia. Mimi nilikuwa nimekaza tumbo kama jiwe. Akaniambia, "Ongea."

"Niongee nini, nakufa?"

"Ongea hiyo. Ukinyamaza unakaza tumbo."

Basi nikaongea mpaka mtoto akatoka. Nilipopata mimba ya pili hata sikuogopa. Nilimwambia yeye kabla sijamwambia bwana yangu.

Halafu vita ikafika mlangoni. Wakati ule wenyewe Waborana waliuita daba, yaani kusimama, kwa sababu kila kitu kilisimama. Asubuhi moja magari ya askari yalikuja, wakaambiwa wakusanye vitu, watakaa kambi ya waya ng'ambo ya mto ili wasiwape shifta, wale waasi wa porini, chakula. Mjane mwenye ng'ombe wachache, mwenye magoti mabovu, ati atapeleka chakula kwa shifta. Nilisema hivyo hivyo kwa sauti, askari akaniangalia tumbo akaniambia niingie ndani. Jirani yangu akasema, "Ingia, Redio. Hii si ya kuongea." Ng'ombe walifukuzwa upande mwingine. Hakuniaga vizuri, hakukuwa na nafasi. Gorfa ya asubuhi hiyo ilikuwa kwangu mezani, na maziwa ndani bado yana joto.

Bwana yangu alikuwa Oldonyiro, kwa ng'ombe waliozuiwa huko. Barabara ilikuwa ya msafara wa magari na askari, na msafara ulikuja siku uliyotaka wenyewe. Dereva mmoja aliniletea salamu: "Anasema uko sawa?" Nikamuuliza hiyo ni salamu au ni swali. Akasema yeye ametumwa tu.

Kwa hivyo nilibaki mimi na binti yangu na tumbo. Nikifungua mlango asubuhi mdomo unafunguka wenyewe, halafu ng'ambo ya ua hakuna mtu. Unajua mtu wa maneno akikosa wa kumsikiliza anaumwa kweli, si mchezo. Nilianza kuongea na sufuria. Na kila asubuhi niliwasha kijinga nikafukiza gorfa, ingawa haina maziwa, isije ikashika ukungu. Mimba hii ilinipa tamaa ya moshi huo. Nilikuwa namimina chai ya rangi ndani ya gorfa ikae kidogo, ndipo ninywe. Binti yangu akinusa ule moshi anakimbia kwenye ua kuita akko. Nilimwambia akko amesafiri. Akaacha kuita, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kuita.

Watu walikuja kubomoa nyumba ya jirani yangu wapate kuni. Nyumba ya miti na mikeka inaliwa haraka. Niliwatokea na mwiko wa ugali, tumbo mbele. Mmoja wao alikuwa mama wa kwetu, tunasali naye kanisa moja.

"Wewe unalinda nyumba ya adui?" akaniuliza.

"Adui yupi? Taja maziwa uliyokunywa ya huyo adui."

"Utazaa peke yako na huo mdomo."

Walienda. Lakini yale maneno yalibaki, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Nesi wa hospitali alikuwa ameshika tumbo langu akakunja uso: mtoto amelala upande tena. Akasema niende juu, hospitali kubwa, nikiwa na msafara. Nilienda kungoja msafara na nguo za mtoto kwenye kikapu, nikangoja mpaka jua la mchana, tukaambiwa leo hakuna. Kesho yake tena hakuna. Mama yangu alipata habari akatuma unga wa wimbi kwa lori la miraa, wa uji wangu nikishazaa, na maneno kwamba nirudi nyumbani. Nirudi na nini, na mabawa?

Nilikaa nikaangalia ule unga. Kichwani nilikuwa na hesabu moja tu. Mtoto wangu amelala vibaya, na mikono inayojua kumgeuza iko ng'ambo ya mto, nyuma ya waya. Nikachukua gorfa, nikaijaza ule unga wa wimbi mpaka juu, nikafunika. Nikambeba binti yangu mgongoni na tumbo mbele, nikaenda.

Kwa lango kulikuwa na askari kijana. Alinisikia lafudhi akanisalimia kwa lugha yetu, "Muga." Nilimjibu, akafurahi, halafu akaona gorfa.

"Dada, unataka nini huku?"

"Narudisha chombo cha watu."

"Niachie nitapeleka."

"Hujui kukishika. Na mimi naingia nacho, nataka kuzaa."

Akacheka, akidhani ni mzaha. Nikamwonyesha ubao uliokuwa juu yake. Mimi sikuenda shule, kusoma nilijifundisha na magazeti ya kufungia sukari, kwa hivyo nilisoma polepole kwa sauti, watu wote wasikie. Uliandikwa kwamba hakuna kutoka bila ruhusa. "Haikusema kuingia," nikamwambia. "Ama wewe umeona mahali imesema?"

Akajikuna. "Hakuna mtu ametaka kuingia," akasema. Kisha akasema kwa lugha yetu, taratibu, "Ukiingia sijui nani atakutoa. Mimi zamu yangu inaisha."

"Bwana yangu ni mtu wa serikali. Atanitoa akirudi."

Hapo nilikuwa najifanya tu. Lakini alifungua.

Ndani sikujua kama ni jirani yangu. Alikuwa amekaa nje ya kibanda, amekonda, mikono imelala kwenye mapaja kama si yake. Nilimzoea akishika kitu saa zote: kamba, kisu, titi la ng'ombe. Binti yangu alishuka mgongoni akaenda akasimama mbele yake. Wanawake wengine walituangalia kwa macho makali. Mmoja akasema kitu, nikaelewa nusu: watu wangu ndio wako langoni na bunduki. Nikanyoosha gorfa mbele.

Jirani yangu akasema, "Hiyo ni Redio yangu. Iacheni." Akapokea gorfa, akanusa kwanza mdomo wake kabla hata hajaangalia ndani. "Umefukiza," akasema.

"Kila siku."

Akamvuta binti yangu kwenye mapaja yake.

Uchungu ulinishika asubuhi ya pili nikiwa nasaidia kuteka maji. Hakukuwa na samli kambi nzima. Alipaka mikono yake mate na kipande cha mafuta ya kupika aliyoomba kwa yule mwanamke wa macho makali, akaanza kutafuta kichwa. Wengine walishika mikeka kuzuia upepo. "Ongea," akaniambia.

Nikafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Miezi yote ile nimeongea na sufuria, sasa mwenye masikio yuko hapa na mimi nimekauka.

"Ongea, intala, mwanangu. Mwambie mtoto ng'ombe wangu wako wapi."

"Sijui wako wapi."

"Basi mwambie walikuwaje."

Nikaanza na yule mweupe aliyekuwa anapiga teke. Nikataja mwenye pembe moja, na yule mvivu wa kutoa maziwa, na ndama aliyekula kanga yangu kwenye kamba nikamfukuza mpaka sokoni. Niliwataja wote. Alikuwa analia na mikono yake inafanya kazi, na yule mwanamke wa mafuta alikuwa anasema na wake walikuwaje, kwa lugha yao, na mtoto akageuka. Alizaliwa kabla ya jua kuwa kali. Mvulana.

Nilikunywa uji wa wimbi, ule ule niliobeba. Jirani yangu aliupika na akawapa wote walioshika mikeka, mpaka gorfa ikaisha.

Bwana yangu alirudi na msafara, akapigana na maofisi, akapata ruhusa ya mimi kutoka. Siku ya kutoka nilichukua gorfa pale ukutani, nikasema nitaijaza kitu nirudishe. Jirani yangu akaishika upande wa pili. Tukavutana kidogo kama watoto.

"Ilikuja kwangu imejaa," akasema. "Sasa ni zamu yangu. Siwezi kukupa tupu."

"Mama, mimi sijali."

"Mimi najali."

Nikaachilia. Ng'ombe hana, na maziwa hata ya kupaka kidole hana. Lakini hiyo ndiyo sheria, na kama ningeichukua kwa nguvu ningekuwa nimemwambia hatakuwa na maziwa tena maisha yake.

Mvulana sasa anatambaa. Nyumba ya jirani yangu bado imesimama, bwana yangu amenisaidia kufunga mikeka upya, ingawa watu wanatucheka. Wameanza kusema wataachilia watu wa kambi, kisha hawaachilii. Nyumba yangu haina harufu ya moshi tena. Binti yangu amemsahau akko au anajifanya. Asubuhi nikifungua mlango namshika mvulana mkononi, namgeuza aangalie ule ua wa miiba, na naongea kwa sauti ya juu kidogo kuliko inavyohitajika.