Kuchagua Arbre kwa Mlima wa Mushaki

Siku yangu ya kwanza kwenye garaji ya malori ya Sake, chini ya milima ya Masisi, nilifika saa moja kabla ya mlango kufunguliwa. Nilikuwa na diploma yangu ya umekanika ndani ya bahasha, katalogi mbili za vipuri, na karatasi niliyoandika maswali yote ambayo shefu wa ateliye, yaani mkuu wa karakana, angeweza kuniuliza, pamoja na majibu yake. Shefu, Papa Bahati, mwana wa wakulima wa milima ya Masisi, alifika bila haraka, akaniangalia, akauliza swali moja ambalo halikuwa kwenye karatasi.

"Mama, umekula?"

Nikatupia jicho karatasi yangu. Dereva mmoja aliyekuwa akinawa mikono, kaka Safari, akacheka: "Shefu, huyu iko natafuta jibu mu kitabu!" Tangu asubuhi hiyo akaniita Dada Katalogi, na hakuna aliyejaribu kuniokoa.

Nawaandikia ninyi mnaomaliza masomo sasa. Mimi si mzee. Nimefanya kazi hii miaka minne tu. Lakini Papa Bahati amestaafu, na yeye haandiki. Afadhali niseme jinsi alivyofanya kazi kabla sijaanza kuitilia shaka kumbukumbu yangu, maana najijua.

Mwaka wa kwanza hakuniruhusu kufungua moteri, yaani injini, yoyote. Nilisikiliza tu. Aliniweka kando ya lori linalounguruma, akaniuliza linapumua vipi. Kwake kila kitu kilianza na hewa: inaingia wapi, inapita wapi, inachelewa wapi. Filta ikijaa vumbi, moteri hukosa pumzi na kutoa moshi mweusi. Bomba likiwa na kona nyingi, hewa hufika imechoka. Hayo nilikuwa nimeyasoma, lakini yeye aliyatambua akiwa amegeuka upande mwingine, anakunywa chai.

Mwaka wa pili nikatumwa Walikale, kwenye depo ndogo msituni, chini ya shefu wa depo, mtu wa maneno machache kuliko wote niliowahi kuwatumikia. Yeye alinifunza sabuni. Turbo ni feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya moteri. Kiungo cha bomba lake kikilegea, hewa hutoroka na lori hulegea. Shefu wa depo alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akamwambia dereva akanyage mafuta, akangoja povu livimbe. "Pale," alisema. Kwa miezi saba nadhani nilisikia neno hilo kuliko jina langu. Nilijifunza mengi kwa "pale" zake.

Niliporudi Sake, lori la Papa Kambale lilikuwa limeingia ateliye. Papa Kambale ni mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, na hilo ndilo lori lake la pekee, linaloendeshwa na Safari. Linapandisha chumvi, sabuni, saruji na mabati hadi duka lake la Walikale. Kwa miezi kadhaa lilikuwa likifia kwenye kona moja ya mlima wa Mushaki, mpaka watu washushe magunia ndipo lisogee. Tulipofungua tukakuta arbre imelika.

Niwaeleze. Arbre à cames ni fimbo ndefu ya chuma yenye nundu. Inapozunguka, kila nundu husukuma supapu, yaani mlango mdogo wa kuingiza hewa au kutoa moshi. Nundu ikiwa pana, mlango hukaa wazi muda mrefu. Muuza vipuri alituonyesha arbre mbili: moja ya nundu pana, ya moteri inayozunguka mbio, nyingine ya nundu fupi, zinazofunga mlango mapema, karibu sawa na ile ya kiwandani. Kuchagua vibaya kungemaanisha kufungua moteri tena, na mvua zilikuwa karibu. Barabara ikikatika, duka la Walikale lingebaki tupu.

Shefu akanivuta pembeni. "Hii njo moteri yangu ya mwisho. Mwisho wa mwezi narudi ku shamba. Arbre utachagua weye."

"Shefu, mimi?"

"Kuna Dada Katalogi mwingine hapa?"

Siku tisa nilichora meza za hesabu. Nilichagua ile pana, kwa sababu nguvu yake ya juu kabisa ilikuwa kubwa zaidi. Nikaiacha. Nikaichagua tena. Nilipompelekea shefu karatasi alizisoma zote, hata zile nilizokata kwa mstari, kisha akauliza: "Umepanda?"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Hakuwahi kuchagua arbre kabla ya kukaa kando ya dereva safari nzima, gari likiwa na mzigo, akichora kwa chaki ndani ya mlango mstari mmoja kila mara gia inapobadilishwa, na kando yake namba ya mizunguko ya moteri kwa dakika.

Lori la Papa Kambale lilikuwa limefunguliwa, kwa hiyo nikaomba nafasi kwenye lori lingine la aina hiyohiyo, lililokuwa Mushaki limejaa viazi. Nikashuka nalo hadi Sake, nikichora. Mistari karibu yote ilikuwa ya gia ya nne na ya tano, moteri ikizunguka mbio. Nilifurahi: arbre pana! Nilimwonyesha Safari.

Alicheka mpaka akashika bampa. "Dada Katalogi! Umeshuka na viazi?"

"Si ndiko mzigo unakotoka?"

"Mzigo ya wakulima inashuka. Ya Papa Kambale inapanda! Weye umepima mulima kichwa chini."

Kila mtoto wa Masisi anajua kwamba mzigo hushuka: viazi, maharagwe, jibini. Nami, mtoto wa Masisi, sikuwahi kufikiri kwamba kuna anayejaza gari bondeni. Nilitaka kurudisha diploma. Shefu hakucheka. Aliokota chaki iliyoniponyoka, akanirudishia.

Kesho yake nikapanda na lori la saruji. Mistari ikajaa kwenye gia ya kwanza na ya pili, na hakuna mahali moteri ilipozunguka mbio. Sasa nilielewa. Kwenye mwendo wa polepole, arbre pana huacha milango ya kuingia na ya kutoka wazi kwa pamoja muda mrefu mno. Hewa huponyoka, na moteri hukosa nguvu pale hasa inapoihitaji. Tena ingewaka kwa shida asubuhi za baridi kule juu.

Papa Kambale alikuja kusikia uamuzi. "Mi nataka nguvu! Ile kubwa njo nataka."

"Papa, mutanisamehe. Nguvu ya ile kubwa inakuja wakati moteri inakimbia. Mu mulima gari yenu haikimbie hata kidogo."

"Na kama umekosea?"

Nilikuwa na majibu matano, yote marefu. Nikamtazama shefu, alikuwa akisafisha spana ambayo ilikwisha takata.

"Kama nimekosea, tutafungua tena, na mvua itawakuta hapa."

Papa Kambale aliinama juu ya moteri iliyofunguliwa, kisha akainuka. "Angalau haunidanganye. Fungeni ile fupi."

Tulifunga arbre fupi. Bomba la hewa tukalitoa karibu na moteri, ambako lilivuta joto, tukalipandisha kando ya kabini hadi juu ya paa: pana, kona moja tu, hewa baridi, mbali na vumbi na matope. Viungo vyote nilivipaka sabuni. Vyote. Mara tatu.

Siku ya kujaribu, shefu alisema ana kilio cha ndugu, hawezi kuja. Niliamini kwamba hataki kuona jina lake likianguka kwa mkono wangu.

Tulipanda, Safari na mimi, na mzigo kamili. Kabla ya ile kona moteri ilishuka sauti, nami nikashika kiti kwa mikono miwili. Sindano ya mizunguko ilishuka hadi elfu moja na mia mbili, ikakaa. Haikushuka tena. Tulipoimaliza kona Safari akatia gia ya tatu, mahali ambapo hakuwahi kuitia.

"Dada Katalogi, funga mulango, tutaruka!"

Shefu aliondoka mwisho wa mwezi, bila hotuba. Alimpa kila mtu mkono, akabeba koti lake. Lori linafanya kazi mpaka leo, siku ambazo barabara iko wazi.

Kiangazi hiki nilimtembelea shambani kwake, juu ya mlima. Alikuwa akipalilia maharagwe. Nikamwambia ukweli: kwamba bado naogopa kila moteri, kwamba sijui nitapata lini utulivu kama wake, na kwamba pengine kazi hii si ya watu kama mimi.

Aliegemea jembe. "Ile siku ya Papa Kambale, sikukuwa mu kilio."

"Ulikuwa wapi, Shefu?"

"Nilitangulia na moto, pikipiki ya kukodi. Nilikaa kwa wale mama wa kuchoma mahindi, pale kona ya Mushaki, toka asubuhi, nangojea sauti ya ile moteri. Miaka yote, kwa kila moteri, niko hivyo." Akacheka kidogo, akarudi kwenye mstari wake wa maharagwe. "Nilikula mahindi tatu, mama. Mpaka leo sijue kama yalikuwa yameiva."