Vidonge vya Mifupa vya Hooyo

Hooyo, mama yangu mzazi, alipovunjika mkono, daktari hapa Garissa alisema mifupa yake imedhoofika, akamwandikia vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha nilimwachia viwili kwenye kisahani.

Siku moja nilisahau vitabu, nikarudi. Nilimkuta uani, mkono mmoja kwenye plasta, mwingine ukimlambisha mbuzi wetu wa maziwa vidonge vile, vimesagwa pamoja na chumvi ya mifugo. Nilimfokea kama mtoto wa darasa la pili, mpaka jirani akachungulia.

"Hooyo, umechanganyikiwa? Dawa yako unampa mbuzi?"

Hakupandisha sauti. Amekulia kwenye mifugo, ambako mnyama anayekamuliwa ndiye anayelishwa kwanza, kwa sababu chochote anachokula kinarudi kwa watu kupitia maziwa.

"Ulisema ni dawa ya mifupa," alinijibu. "Yangu imeshazeeka. Wewe una mtoto tumboni."

Jirani alikuwa bado anatutazama. Mdomoni nilikuwa na ladha ya chai aliyonipikia alfajiri kwa mkono mmoja, chai ya maziwa ya mbuzi yule.