Tone Chini ya Rejeta

Lori langu kuukuu lilikuwa likipoteza maji ya rejeta kila nikitoka Meru kwenda Siakago, na sikujua yanapovujia. Jumamosi, tukiwa nyumbani kwa wakwe, nililala chini ya lori, shemeji yangu Njeru akimimina maji juu kwa sufuria.

“Mimina, wewe! Unanyunyiza kama unabatiza mtoto?” nikafoka.

Maji yakaongezeka. Mara nikaliona tone: klipu ya paipu ya chini ilikuwa imelegea tu, nami mwezi mzima nalaumu injini!

“Njeru, mjinga wewe, tumepona!” Nikajivuta nje nikicheka.

Kumbe Njeru alikuwa ameenda kutafuta spana. Aliyeshika sufuria ni mama mkwe, ambaye kwa heshima tangu nioe sijathubutu kumtazama usoni.

“Mwanangu,” akauliza kwa upole, “niongeze ama imetosha?”