Bi Makaa Alivyofuta Uso wa Mwalimu

Majengo nzima hakukuwa na muuza makaa mwenye ulimi kama Mishi binti Haidari, na anayebisha na abishe, tunajuana. Mwaka wa hamsini na sita alijitia katika darasa la kuchora kwenye ukumbi wa mtaa, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na mmoja, makaa yake ameyafunga kwenye pembe ya leso.

Mwalimu Phares alitaka mstari kwanza. Mstari wa Mishi ulikwenda kama mlevi mwenye haraka. Jumamosi tatu akachekwa. Ya nne Phares akamwambia, "Bi Makaa, leo tunachorana nyuso. Ukishindwa, kiti chako nampa mwingine."

Asubuhi hiyo Mishi alikuwa ametoka kupakua magunia. Alipojiangalia kiooni, uso ulikuwa mweusi tititi, ila pale alipopangusa jasho pua ilijitokeza, na shavu, na paji la uso. Alicheka peke yake. "Kumbe!"

Basi darasani akachukua karatasi yake ya kaki, akaisugua makaa pembe hata pembe, hata nzi akakosa pa kutua.

"Unachora au unawasha jiko?" akauliza Abdurahim, fundi viatu. Darasa likaangua kicheko.

Phares akaja, akalitazama lile giza. "Umeharibu karatasi ya watu! Futa! Futa sasa hivi, kisha ushike njia."

"Raba iko mfukoni mwako, mwalimu."

"Na itakaa humo humo."

Mishi akatoa mkate wake, boflo la chai ya saa kumi, akanyofoa nyama laini ya ndani, akaifinyanga kama tonge la ugali. Ameambiwa afute, sivyo? Akafuta. Alimkazia Phares macho, akafuta paji lake pana, mfupa wa pua, ncha ya sikio, mdomo wa chini ulionuna. Alipobonyeza sana, kaki iling'aa. Alipogusa tu, ilibaki kijivu. Macho hakuyafuta. Aliyaacha gizani, na kutoka humo yakamtazama mwenye uso.

Hakuna aliyecheka tena. "Wallahi ni mwalimu," akanong'ona Abdurahim, "na amenuna vilevile."

"Huko si kuchora," Phares akasema, sauti imepungua. "Huko ni kufuta."

"Si uliniamuru wewe? Basi kitini sitoki."

Phares akatia mkono mfukoni, akamsogezea raba. Mishi akairudisha. "Kaa nayo, mwalimu. Una wanaume kumi na mmoja wa kuwafutia makosa."

Kisha akala boflo lililobaki, ganda tupu, polepole, kwenye kiti chake.