Mgongo wa Mchimba Visima

Kaka yangu alikuwa fundi cherehani Kisarawe, na kwa miaka mingi hakuhitaji kibao. Mashati yake ya kaki yalijulikana kwa nyota ndogo ya uzi mwekundu aliyoitia kwa mkono nyuma, chini ya kola. Ukimfuata mwanamume njiani ukaiona ile nyota, ulijua huyo amepita kwa kaka. Vijana waliokwenda kuposa walivaa nyota. Wazee wa Vihingo hawakuja wenyewe kupimwa. Walituma kamba zenye mafundo, na shati likiwafikia liliwakaa sawasawa.

Halafu ikaja kafa ulaya. Marobota ya nguo kuukuu za Wazungu yalifunguliwa gulioni juu ya mikeka, na watu waliozoea kusalimiana kwa adabu wakaanza kunyang'anyana makoti. Tulikuwa bado chini ya Mwingereza, na mtu aliyetoka kupalilia mihogo alijiona bwana shauri kwa sababu amevaa koti la sufu kwenye jua la saa saba. Mimi nilikasirika kuliko kaka. Yeye alikaa barazani akipunguza mikono ya makoti ya marehemu wa watu na kutia viraka. Nyota aliacha kuitia, maana hapakuwa na shati la kuitilia.

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam, nilikokuwa nikichora vibao vya maduka. Nilikuwa nimechora sabuni, majani ya chai, sigara, na wanaume wenye tai wanaocheka meno yote nje. Nilijiona najua dunia.

"Kaka, tutangaze," nilimwambia.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alijibu bila kuinua macho.

"Mbona chema chako kimelala?"

Akaacha kukanyaga cherehani. Nilijuta papo hapo, lakini mimi nikishaanza kusema sina breki. Nikamwambia lile koti la Mzungu linamdanganya mtu kwamba yeye si mtu wa jembe. Sisi tuseme kinyume chake. Tumsifu anayetoka jasho, tumchore akiwa kazini na nyota yake shingoni. Kaka alisema hakuna mtu anunuaye shati ili akumbushwe kuwa anachimba udongo. Siku ya tatu akasema nifanye nipendavyo, mradi nisimtie aibu.

Nilimchagua mchimba visima. Alikuwa rafiki wa kaka, na toka Kisarawe mpaka Janga palikuwa na watu waliofuturu kwa maji ya visima vyake wakamwombea heri. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kwa miaka ya kuvuta kamba. Alikubali kwa haya, na kaka akamshonea shati jipya.

Mwalimu wa madrasa alipopata habari alinijia. "Sura ya kiumbe usichore," akasema. "Hilo sitakunyamazia."

Nilimwambia asiwe na shaka, sura sihitaji. Nyota iko nyuma, nami nitachora mgongo. Moyoni nilijipongeza kwa ujanja huo. Alasiri mbili nilikaa nyuma ya yule bwana ukingoni mwa kisima alichokuwa anakianza, yeye ameinamia sururu, mimi na bati langu magotini. Mara mbili aliniuliza kama ageuke. Mara zote mbili nilimjibu, "Tulia hapo hapo, usiniharibie."

Kibao kilitundikwa barazani: mgongo mpana, shati limelowa jasho, bega moja chini, nyota nyekundu chini ya kola. Juu yake niliandika kwa herufi kubwa: MWENYE JASHO NDIYE MWENYE HESHIMA.

Watu walisimama. "Huyu si yule bwana wa visima?" "Ndiye, hulioni bega?" Wachoma mkaa wakaja kupimwa. Wakaja wafanyakazi wa reli kutoka Kwala, wanne kwa mpigo, wakataka nyota iwe kubwa zaidi kidogo, kaka akakataa huku anacheka. Kwa miezi miwili au mitatu cherehani haikupoa. Kaka, ambaye sifa kwake zilikuwa adimu kama nyama ya katikati ya wiki, aliniambia, "Umenirudishia mkono wangu." Nilitembea mjini kifua mbele. Ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka, na mimi niliyakumbuka maneno hayo baada ya ngoma kupasuka, kama kawaida yangu.

Kisima cha Janga kilimwangukia yule mchimba visima. Walimchimbua kutwa nzima, wakamtoa akiwa amevaa shati letu. Mwoshaji alisimulia kwamba alitaka kulichana ili limtoke bila kumgeuzageuza, mshono ukakataa, ikabidi aombe mkasi. Tulipokuwa tunatoka makaburini nilimwambia kaka, kwa sauti ya chini, kwamba angalau sasa watu wamejua mshono wake ulivyo imara. Naona haya hata leo. Kaka hakusema nami tena mpaka hitima.

Nilitaka kukishusha kibao. Kabla sijagusa msumari, akaja dada wa mjane na ujumbe. Mjane alikuwa ameingia eda. Kibao hakuwahi kukiona. Mumewe alikuwa akimwahidi kumleta, leo na kesho. "Anasema msimwondoe mumewe," dada mtu alisema. "Anasema yeye hana ruhusa ya kutoka, basi huyo naye amngoje."

Miezi minne na siku kumi.

"Tukigeuzie ukutani basi," nilimwambia kaka.

"Neno la mwanamke aliyemo edani utalivunja wewe?"

Kikabaki pale pale. Watu wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Walisema ukikitazama unamwona marehemu anakwenda zake, na ile nyota inakuita umfuate. Mchoma mkaa mmoja alikuwa ameagiza shati. Nikampelekea mwenyewe, akarudisha mikono nyuma.

"Nivae shati la marehemu, mimi?"

"Hili ni jipya, mzee wangu. Limeshonwa juzi."

"Jipya, lakini ni lake."

Alikuwa amevaa koti la kafa ulaya, kubwa, vifungo vya pembe. Nikamuuliza, je, hilo?

"Hili, mwenyewe simjui," akasema, akajifunga vifungo.

Nilitafuta mtu mwingine wa kumchora ili nitundike bati jipya kando ya lile. Nilikwenda kwa mwashi, kwa mpasua mbao, kwa mkata nyasi wa kuezekea. Kila mmoja alikuwa na safari. Kaka alirudi kwenye viraka, cherehani yake ikiwa chini ya kibao kile kile, akishona huku mgongo wa rafiki yake uko juu ya kichwa chake. Nilimwona akikonda. Niliyeleta balaa nilikuwa mimi, na hapakuwa na la kufanya ila kuhesabu siku za eda ya mke wa mtu.

Ilipokwisha akaja, asubuhi, amevaa kanga mpya, na dada yake kando. Alitusalimia, tukampa pole. Akasimama mbele ya kibao kwa muda mrefu. Akaligusa lile bega.

"Ndilo," akasema. Kisha akanigeukia. "Shemeji, na mbele?"

Nikaanza kumweleza habari za mwalimu na sura za viumbe. Akainua mkono.

"Sikuambii uchore. Nasema unieleze tu. Alipochorwa alifurahi? Nyumbani nilimuuliza, akaona haya, hakusema."

"Alifurahi sana, shemeji."

"Alicheka?"

"Alicheka."

"Akicheka hujiziba mdomo kwa mkono, ana jino lililovunjika. Alijiziba kwa mkono gani?"

Kaka aliacha kukanyaga cherehani. Nilitafuta kichwani. Niliiona nyota, niliuona mkunjo wa shati kiunoni, nililiona jasho nililolichora kwa rangi ya kahawia iliyochanganywa na maji. Nilimsikia akiniuliza kama ageuke.

Mjane alinisubiri kwa heshima zote, kama mtu anayesubiri mzee akumbuke jambo. Kisha akajitanda kanga yake vizuri.

"Basi, shemeji," akasema. "Kumbe na wewe hukumwona."